Kokwa Moja Katika Shimo la Nne

Niiteni mnavyopenda. Mwongo, mnafiki, nyoka wa nyumbani. Hakuna jina mtakalonipa ambalo sijajipa mwenyewe. Na msinionee huruma kwa sababu ya mvi! Mvi hizi zimeota juu ya kichwa kile kile kilichotenda uovu.

Nilimwangamiza rafiki yangu kwa kokwa moja ya ukwaju. Sikumpiga, sikumwibia, sikumroga. Niliitia kokwa ndani ya shimo ambalo halikuwa na kokwa. Basi. Na mtu akaisha!

Najua mmeanza kucheka. Chekeni, kisha msome.

Ilikuwa miaka ya hamsini, mimi na Masanja tukiwa wanafunzi wa sekondari. Katika vijiji vyetu vya upande wa magharibi wa mji wa Shinyanga, wenye elimu hiyo tulikuwa wawili tu. Tulitembea pamoja, tulikula pamoja, na tulikuwa na ugonjwa mmoja: hesabu. Lakini mimi nilizaliwa Mgalu, naye alizaliwa Mgika.

Kwa msiojua, Wagika na Wagalu ni vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma. Baada ya mavuno hukutana uwanjani na kucheza kwa wakati mmoja, kila chama upande wake. Hapana mwamuzi. Watazamaji ndio wanaoamua, kwa miguu yao! Upande unaovuta umati mkubwa zaidi ndio ulioshinda, na ulioachwa hurudi nyumbani umeinamisha vichwa na kutukanwa kwa nyimbo mwaka mzima. Baba yangu alikuwa ningi wa Wagalu, yaani mtunzi na kiongozi wao. Ningi wa Wagika alikuwa Mzee Luhende, mjomba wa Masanja. Wazee hao wawili walichukiana kwa moyo wote, na chuki hiyo ilikuwa chakula chetu tangu utotoni.

Masanja alikuwa yatima wa baba. Mjomba wake na chama chake walikuwa wametenga madume ya ng'ombe ya kuuzwa ili amalize masomo. Kumbukeni hao ng'ombe.

Sasa niwaeleze hesabu yenyewe. Si ngumu, msikimbie.

Mwalimu wetu wa sekondari alitufundisha kupanga namba katika mraba, mistari ya kulala na ya kusimama, kisha kutoa ndani ya mraba huo namba moja tu. Kwa Kizungu huitwa ditaminanti. Mimi na Masanja tuliiita uzito wa kibao. Mraba wa mbili kwa mbili ni rahisi: zidisha pembe ya juu kushoto na ya chini kulia, kisha zidisha pembe mbili zilizobaki, halafu toa jibu la pili kwenye la kwanza. Mraba mkubwa unahitaji subira. Unatoa mstari, au kipande chake, kwenye mstari mwingine mpaka namba zote za chini ya mshazari, yaani njia ya kutoka pembe ya juu kushoto hadi ya chini kulia, ziwe sifuri, kisha unazidisha zilizo kwenye mshazari.

Siku ya kufunga shule mwalimu akatupa fumbo. Tumia sifuri na moja peke yake. Je, uzito mkubwa kabisa unaoweza kupatikana ni upi? Kibao cha moja kwa moja, uzito ni moja. Cha mbili kwa mbili, moja vilevile. Cha tatu, mbili. Cha nne, tatu. Cha tano, tano.

"Na cha sita?" Masanja aliuliza.

"Sijakipima," mwalimu alisema. "Mtaniambia mkirudi."

Moja, moja, mbili, tatu, tano. Hata wewe msomaji umeshaona! Kila namba ni jumla ya mbili zilizoitangulia. Moja na moja, mbili. Moja na mbili, tatu. Mbili na tatu, tano. Basi tatu na tano ni nane. Nililiona hilo kabla hatujafika nyumbani, nikapiga kelele kwa furaha. Na sikuropoka tu. Nilitafuta kibao cha sita kwa sita chenye uzito wa nane, nikakipata.

Masanja alikitazama, akasema, "Kizuri. Lakini nani kakuambia kuwa namba zimeapa kujumlishana?"

"Huoni mwendo wake?"

"Naona nyayo tano. Mnyama sijamwona."

Baada ya siku chache alikuja kwetu anahema. Alikuwa amepata tisa.

Tisa! Nilikasirika kana kwamba amenitukania mama. Badala ya kumwambia akae tupime, nilimwambia amekosea kuhesabu. Akasema nipime. Nikakataa. Tukapandishiana sauti uani, baba akatoka ndani.

"Kuna nini?"

"Huyu anasema tisa, Baba. Jibu ni nane."

Baba hakujua kusoma hata jina lake, ila aliijua harufu ya ugomvi. Aliuliza namba zinakwendaje, nikamtajia. Akacheka mpaka akashika mbavu.

"Tatu na tano! Hata mbuzi wangu wanajua ni nane! Mpwa wa Luhende, huko kwenu Ugika mnahesabu kwa vidole vya miguu?"

"Shikamoo, Baba," Masanja alijibu kwa adabu. "Mimi sijumlishi. Mimi napima."

"Kapime uwanjani basi! Mbele ya watu! Mwambie mjomba wako alete na ngoma zake."

Hapo ndipo tulipokosea sote, kosa la watu wa kwetu hasa. Tulilichukua jambo ambalo ni kweli hata likiwa na shahidi mmoja, tukalipeleka mahali ambapo kweli ni upande wenye watu wengi. Ningeweza kukataa. Sikukataa, kwa sababu nilijua umati utanipenda. Nane inaimbika. Tisa haina wimbo!

Siku ya ngoma watu walijaa kuliko miaka yote. Habari zilikuwa zimeenea kuwa wasomi wawili watapigana kwa namba. Wagalu upande mmoja na majembe yao ya kuchezea, Wagika upande wa pili wamejipaka majivu. Katikati tulichimba mashimo ardhini kama ya bao la isolo, sita kwa sita, vibao viwili: changu na cha Masanja. Shimo lenye kokwa ya ukwaju ni moja, shimo tupu ni sifuri. Baba alinipaka usoni dawa ya kuvuta watu. Nilikuwa na msalaba shingoni na dawa kwenye paji la uso. Mnaona mtu nilivyokuwa!

Mwalimu Tito wa shule ya jirani aliombwa ashuhudie, maana alijua njia ya kupima. Sharti likawekwa kwamba kila mmoja apime kibao cha mwenzake, na mwenye kibao asimame mbali.

Matusi yalianza kabla ya kupima.

"Masanja! Hiyo tisa umeitoa kwapani?"

"Mwacheni, anahesabu pamoja na kichwa chake mwenyewe!"

"Wagalu, mtoto wenu kapakwa dawa mpaka machoni, ataziona kokwa?"

Masanja alipima changu kwanza. Alichuchumaa, akachora namba mavumbini, hakuharakisha. Wagika walimpigia kelele aseme saba, aseme tano, aseme lolote. Aliinuka, akapangusa magoti.

"Ni nane," alisema. "Ni halali. Kapima vizuri."

Nakumbuka Wagika walivyomzomea mtu wao kwa kusema kweli. Na mimi sikujifunza kitu!

Zamu yangu ikafika. Nilichuchumaa mbele ya kibao chake, mgongo wangu ukielekea upande wa kwetu. Kilikuwa kibao kizuri mno. Kila mstari wa kulala ulikuwa na kokwa tatu, na kila mstari wa kusimama kokwa tatu. Nikaanza kutoa mstari kwa mstari, nikifuta na kuandika kwa kidole. Namba zikapungua, zikapungua, na kabla sijamaliza niliona zinakokwenda.

Tisa.

Nilipima upya. Tisa!

Ndugu zangu, mnajua kuna furaha ya ajabu mtu anapoona jambo ambalo hakulijua? Niliihisi. Kwa pumzi moja niliihisi, na kama ningeinuka papo hapo ningekuwa mtu. Lakini nyuma yangu baba alikuwa akipiga ngoma taratibu, anasubiri. Nikasikia watu wakisema nane, nane, kama wimbo. Nikafikiria nitakavyoinuka na kuwapa Wagika ushindi kwa mdomo wangu mwenyewe.

Mkononi nilikuwa na kokwa zilizobaki za kibao changu. Nikajifanya napanga vizuri mashimo. Mstari wa kwanza, shimo la nne lilikuwa tupu. Nikaiachia kokwa moja ikadondoka humo.

Nikapima tena upesi mavumbini. Kwa bahati ya shetani, ikatoka nane kamili!

"Mwalimu Tito," nikaita, "njoo tupime pamoja, wasije wakasema nimependelea."

Sauti yangu haikutetemeka. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo.

Mwalimu alinakili mavumbini kokwa zilivyokuwa, akapima mwenyewe. Alikuwa mwaminifu, kibao ndicho kilichokuwa kimechezewa. Alipopata nane alitabasamu, maana naye alikuwa ameshaamini kuwa tatu na tano ndiyo kanuni. Mtu akipewa anachokitazamia hahesabu mara ya pili.

"Nane!" akatangaza. "Vibao vyote viwili ni nane. Tisa haipo."

Masanja alikimbia kutoka alikosimama. "Haiwezekani! Hesabuni kokwa! Ni kumi na nane! Kila mstari una tatu! Mwalimu, hesabu kokwa tu, huna haja ya kupima!"

Mwalimu Tito akageuka. Nilimwona akianza kuinama. Angehesabu mstari wa kwanza tu, angekuta nne.

Nikampungia baba mkono.

Hilo nalo ni langu. Simsingizii mtu. Nilimpungia mkono, ngoma ikalipuka, na Wagalu wote wakaingia katikati wakicheza, wanarusha majembe juu, wanakanyaga. Mashimo yakafukiwa. Kokwa zikatawanyika chini ya miguu ya watu. Masanja alipiga magoti akizikusanya, mtu akamkanyaga mkono, watu wakacheka. Na baba, papo hapo, akatunga:

"Tisa, tisa, umezaliwa wapi?
Tatu hawakujui, tano hawakujui,
Rudi kwa mjomba akupe ubini!"

Umati wote ukahamia kwetu. Hata baadhi ya Wagika walihama!

Mzee Luhende alimfuata mpwa wake pale chini. Hakumwinua. Alisema kwa sauti ya kusikika na wote, "Mtoto wa dada yangu, nilikulisha ili uje univue nguo hapa? Ng'ombe watabaki zizini. Anayetaka kusomeshwa uongo akasomeshwe na wengine."

Masanja alinitazama. Alijua. Alikuwa ameokota kokwa moja, ameishika kwenye kiganja chenye damu, ananitazama tu.

Shule ilipofunguliwa nilirudi peke yangu. Mwalimu aliponiuliza kibao cha sita nilimwambia nane, akaandika ubaoni, wanafunzi wote wakanakili. Uongo wangu ukawa somo!

Masanja alikwenda Nyarugusu kwenye dhahabu, akawa mvunja mawe. Jina la Tisa lilimfuata huko. Vijana wa kwetu waliokwenda machimboni walilibeba pamoja na wimbo, na wachimbaji kutoka kila pembe ya nchi wakamwita hivyo bila kujua sababu.

Mimi nilimaliza, nikapata ukarani Geita. Niliajiriwa, nikavaa viatu, nikaoa. Lakini nilikuwa mpweke kwa namna ambayo siwezi kumweleza mke. Nilikuwa nimeanza kibao cha saba, na hapakuwa na mtu hata mmoja wa kumwambia! Kanuni yangu ilisema kumi na tatu. Nilipanga kokwa nikapata zaidi ya hapo, nikapata ishirini na nne. Kanuni yote ilikuwa takataka. Tisa ilikuwa imeivunja tangu mwanzo, na mimi peke yangu, pamoja na yule niliyemzika hai, ndio tuliojua.

Nikapanda lori, nikaenda Nyarugusu kumwomba radhi.

Nilimkuta mchana, ameketi kwenye rundo la mawe, nyundo mkononi, vumbi jeupe mpaka kwenye kope. Anakohoa.

"Tisa!" mwenzake aliita. "Una mgeni. Mgeni mwenyewe ana soksi!"

Hakuinua kichwa, mwendo wangu alikuwa ameshaujua. "Soksi za kwao zinanuka ngoma," alisema. "Mwambie apite mbele."

"Masanja," nikasema, "nimekuja kukuomba radhi."

"Umekuja na nani?"

"Peke yangu."

Akapiga jiwe likapasuka. "Ulinivunja mbele ya umati. Kuniunga unataka kuniungia hapa, nyuma ya rundo la mawe, asione mtu?"

"Nilikuwa kijana."

"Na mimi nilikuwa mzee?"

Akavuta jiwe jingine.

"Nenda uwanjani," akasema. "Waite Wagika na Wagalu. Chimba mashimo, panga kibao changu, upime kwa sauti. Kisha useme ulichofanya. Mjomba wangu awepo. Tangu siku ile hajaitikia shikamoo yangu."

"Baba bado yu hai, Masanja. Ile siku ndiyo sifa yake kubwa. Nikisema, namuua."

"Basi msubiri afe. Mimi nina kifua cha kungoja?" Akakohoa mpaka akatema mate, mate yenyewe yana weusi.

Na mimi, badala ya kuona aibu, mnajua niliuliza nini? Nitawaambia, maana nimeahidi kutoficha. Niliuliza, "Kile cha saba, umewahi kukijaribu?"

Ndipo aliponitazama kwa mara ya kwanza. Akacheka kicheko kibaya.

"Karani! Kumbe ulifuata hicho!"

"Nimefika ishirini na nne."

"Ishirini na nne." Alitikisa kichwa kama mtu anayemhurumia mlevi. "Mimi ninacho. Kina kokwa ishirini na nane, na uzito wake sikuambii. Nimekipanga hapa hapa kwa changarawe, nikakifuta. Siku utakayosema uwanjani, nitakuja kwa miguu yangu nikupangie. Usiposema, nitaondoka nacho. Sasa nipishe, unanizibia mwanga."

Nilirudi Geita. Nilijiambia nitasema mwaka huo. Sikusema. Nilijiambia mwaka unaofuata. Kila baada ya mavuno nilikwenda uwanjani, nikasimama upande wa kwetu, nikasikia wimbo wa tisa unaimbwa, na mdomo wangu ukaimba!

Vumbi la mawe lilimmaliza Masanja kabla baba yangu hajashika hata mkongojo. Alizikwa huko huko na watu waliodhani Tisa ni jina la ukoo. Mzee Luhende hakwenda. Aliniambia mwenyewe, "Mwongo yule nilimzika siku ya ngoma." Nikaitikia, "Ndiyo, mzee." Nikaitikia!

Na baba? Baba aliishi miaka mingi. Alipokuwa anakata roho aliniomba nimwimbie ule wimbo. Nikamwimbia. Alikufa anatabasamu, nami nilibaki pale nikiwa na hasira naye na hasira na nafsi yangu, sijui ipi kubwa. Hasira naye sina haki nayo. Yeye aliamini. Mimi nilijua.

Miaka yote nilikipanga kibao cha saba kwa kokwa ishirini na nane. Kuna njia nyingi za kuzipanga kuliko umri wa mtu. Sikuipata. Hivi karibuni mjukuu wangu anayesoma chuo kikuu alinikuta uani nimeinamia mashimo, akaniuliza, "Babu, unacheza bao na nani?" Nikamweleza fumbo, sikumweleza dhambi. Akasema, "Mbona hili linajulikana!" Akanitajia: moja, moja, mbili, tatu, tano, tisa, thelathini na mbili.

Alisema tisa kwa urahisi, kama anataja bei ya nyanya. Niliingia ndani nikalia.

Nilipotoka alikuwa amenipangia kibao cha saba, kile cha thelathini na mbili. Nikazihesabu kokwa kwa kidole, mstari kwa mstari. Nne, nne, nne, mpaka mwisho.

Ishirini na nane.

Alikuwa nacho! Mvunja mawe mwenye mapafu yaliyooza alikuwa nacho, juu ya changarawe, na angenipa bure kwa maneno machache ya kweli.

Uwanja ule sasa umejengwa maduka. Wagika na Wagalu wa wakati ule wamekufa karibu wote. Sina tena umati wa kusimama mbele yake, kwa hiyo nawakusanya ninyi hapa. Hiki ndicho kibao cha Masanja, kama kilivyokuwa kabla ya mkono wangu:

1 0 0 0 1 1
0 1 0 1 0 1
0 0 1 1 1 0
0 1 1 0 1 0
1 1 0 1 0 0
1 0 1 0 0 1

Chimbeni mashimo. Wekeni kokwa. Msiniamini, maana sistahili kuaminiwa, pimeni wenyewe. Kisha tieni kokwa moja katika mstari wa kwanza, shimo la nne, mpime tena, mwone nilivyoua mtu.

Na wewe kijana unayeshangiliwa leo kwa sababu jibu lako linaimbika, shika adabu! Ukiona namba tano zimepanga foleni, usiiapie ya sita. Mwenzako akikuambia amepima, chuchumaa upime naye. Na ukishajua kuwa amepata, inuka useme hapo hapo, ngoma zikiwa bado zinalia, hata kama anayepiga ni baba yako. Ukichelewa utabaki kama mimi: mzee aliyeinama uani na kokwa mkononi, anajua zilikuwa ngapi, na aliyejua zinapangwaje alizikwa kwa jina la matusi.